Kuku wa Mshale wa Upepo

Kwa tanuru la babu tulikuwa wanne: babu mwenyewe, ambaye ndiye mhunzi; mama yangu, mke wa mwanawe; mimi, nikivuvia moto kwa mivukuto; na mzungu mwenye shamba hapo Kitale. Majina yao nayajua yote. Juzi nilipita Kibomet kwa fundi wa kuchomelea mageti, harufu ya chuma moto ikanirudisha pale.

Babu alikuwa amemfulia mzungu mshale wa kuonyesha upepo unatoka wapi. Lakini kwetu kazi ya mhunzi haitoki kwa tanuru bila mwenye kazi kumletea mhunzi kuku.

"Chuma ni changu," mzungu akasema.

"Na moto ni wangu, bwana."

"Basi kesho mhame shamba langu."

Mama, ambaye kwa heshima hakusema na baba mkwe ana kwa ana, akageukia ukuta, akaniambia mimi: "Mwambie babu yako naenda kufunga mizigo. Asimwachie mshale."

Jioni mzungu akarudi na jogoo kwapani.

Siku hizi watu wanasema ati mzungu ndiye aliyeutengeneza mshale ule. Kama yule kuku alikuwa tetea, nisahihisheni. Lakini tulimla.