Mashahidi Wawili kwa Nyota Moja

Siku ya kwanza kazini, pale kituo cha nyota Vuga, nilimwamkia Mkuu wa Kitengo: "Shikamoo." Akaitika "Marahaba," akanikalisha mbele ya kompyuta hata baibui sijavua. "Haya, nyota ipi hapo inatoa eksirei?" Mimi huyo, nikatazama picha ya kishada cha nyota, zimesongamana kama wali chunguni, nikasonta iliyong'ara kuliko zote. Alicheka mpaka akakohoa.

Kazi yetu, wanangu, ndiyo hiyo. Nyota mfu ikifyonza gesi ya jirani yake hutoa eksirei, miali isiyoonekana kwa macho. Chombo kimoja cha angani hupiga picha ya eksirei, kingine ya mwanga wa kawaida. Sisi tukizilandanisha, tukachora duara la shaka, pale eksirei inapoweza kuwa imetokea, kisha tukaitafuta humo nyota yenyewe. Duara dogo, nyota tele! Basi Mkuu aliweka sharti kama la kuandama kwa mwezi wa Idi: mashahidi wawili. Mahali ni shahidi wa kwanza. Wa pili ni rangi ya buluu iliyozidi, au kufifia pamoja na eksirei. Bila ya hao hatangazi, hata umlilie.

Mwenyewe alikuwa na nyota yake, aliyoitambua ujanani kabla ya sharti hilo, ndiyo iliyompa jina. Nilipokuwa Mchambuzi Mwandamizi zikaja picha mpya, kali zaidi. Nikalandanisha. Duara likasinyaa, nyota ya Mkuu ikabaki nje! Ndani kuna kijinyota hafifu cha buluu, kinafifia pamoja na eksirei.

Mtu aliyenifundisha kila kitu, na kesho yake anaizungumzia nyota hiyo mbele ya wageni. Nikamwendea.

"Mkuu, nnaogopa kukuonesha."

"Nioneshe, mwanangu."

Alitazama, akavua miwani, akaifuta muda mrefu. "Mpe mwenzako apime naye. Usimwambie ulichokiona."

Mwenzangu akapata kijinyota kile kile.

Kesho yake Mkuu alisimama ukumbini. "Nyota niliyojivunia miaka yote siyo. Ya kweli kaiona Bi Rukia. Njoo, mwanangu, uwaoneshe." Akaenda kukaa kiti cha mbele, akawa ananiuliza maswali kama mwanafunzi. Wallahi, nililia mbele za watu.

Sasa nimestaafu, nipo kwetu Bwejuu. Wakuu wengine walikuja baada yake, wote watu wazuri. Lakini mkiniuliza nilichuma nini kwenye kazi ile, sitakitaja kijinyota. Nilipata mkuu niliyemwambia amekosea, na bado akaniita mwanangu.