Saidati na Vinara vya Dhahabu

Gisenyi, Rwanda, miaka ile ya hamsini, harusi ya Waislamu bila Saidati haikuwa harusi. Sinia na birika za shaba zilipelekwa kwake mtaa wa Nengo zikiwa nyeusi tii, zikarudi unajiona meno. Kazi hiyo aliifanya kwa majivu, ndimu na mkono usio na huruma. Hakuwa na mume wala shamba. Alikuwa na jina lake tu, na alilitembeza kwa maringo, nisiwafiche.

Bibi mmoja Mbelgiji, mwenye nyumba kubwa karibu na ziwa, alisikia sifa hizo akamwita. Jioni alikuwa na karamu. Akampa vinara viwili vya mishumaa vilivyotoka Ufaransa, kila kimoja umbo la mwanamke aliyejitanda shuka, kabeba matawi kichwani kama anayetoka kutafuta kuni. Akamwambia avisafishe, akaenda zake.

Saidati alianza na kimoja, akiimba. Ajabu, kadiri alivyosugua ndivyo manjano ile iliyoiva ilivyopotea, pakabaki wekundu mkavu. Akadhani ni uchafu sugu. Akaongeza ndimu.

Harerimana, mpishi wa nyumba, aliingia akashika kichwa.

"Saidati we! Ile ilikuwa dahabu! Walipaka dahabu juu ya shaba!"

"Dahabu gani inatoka na ndimu? Mi naoga na pete ya mama kila siku, haitoke!"

"Hii iko nyembamba, dada."

"Sasa mutu anapaka shaba dahabu ya nini?"

Saidati alikiweka kinara chini. Kesho mji mzima ungesikia, na nani tena angemletea sinia?

Bibi akarudi. Alitazama kinara hiki, akatazama kile, akaketi, machozi yakimlengalenga.

"Bon, basi. Na hii ya pili, fanya vile vile."

"Madamu, hii iko na dahabu yake yote!"

"Wageni wanakuja. Mbili lazima iko sawa."

Saidati hakuelewa kama anasamehewa au anaadhibiwa. Kinara cha kwanza alikisugua akiimba. Cha pili alikisugua akilia, na kilitakata vizuri kabisa. Wageni wakavisifu. Akaambiwa arudi Pasaka.

Jina lake likabaki salama. Lakini harusi iliyofuata, sinia zilipofika, alikaa na ndimu mkononi bila kuikata, akimuuliza kila mwenye sinia, "Uko na hakika hii ni shaba tu?"