Meza Haihami

Mchora vibao hakuwa mtu wa kupangiwa maisha. Mikono ilipoanza kumtetemeka na wenye maduka wakaacha kumwita, alihamishia ukaidi wake kwenye ndege ndogo za plastiki, zile za kuunga kwa gundi kipande kwa kipande. Meza yake ilikuwa chini ya dirisha la chumba cha nyuma, nyumbani kwa binti yake.

Binti alikitaka chumba hicho kwa ajili ya cherehani. "Baba, ndege mbili za mwisho umeziharibu mwenyewe. Mistari yote imekwenda kombo. Si upumzike sasa?"

Ilimuuma, maana ilikuwa kweli. Mtu aliyeishi kwa kuvuta mstari mnyoofu bila rula, leo kalamu ilimshinda kwenye vifereji vya bawa, pale ambapo kwenye ndege ya kweli mabati hukutana. Siku hizi hata wakati wa kula alificha mikono mapajani, akaacha chai ipoe mpaka wenzake waondoke.

"Niachie hii moja," alisema. "Ikiharibika, beba meza."

"Haya, yasiwe maneno tu."

Safari hii kalamu aliitupa. Aliipaka ndege vanishi ya kung'aa, akaiacha ikauke sawasawa, kwani bila vanishi, weusi wa kujaza vifereji ungenyonywa na rangi ya chini na usingetoka tena. Kisha akazimua rangi nyeusi ya mafuta kwa tina mpaka ikawa nyepesi kama chai ya bahili. Akagusisha ncha ya brashi kwenye kifereji kimoja. Rangi ikakimbia yenyewe, ikapiga kona, ikafika mwisho wa bawa. Enzi zake angeuita huo ulaghai. Sasa alicheka peke yake.

Alipogusa mara ya pili mkono ukaruka, na weusi ukatapakaa bawa zima. Binti alikuwa mlangoni, futi ya kupimia chumba mkononi.

"Si nilisema?"

"Ulisema. Kaa."

Akakaa, midomo kaibinua. Rangi ilipokauka, mzee alilowesha pamba ya masikio kwa tina kidogo, akafuta bawa kutoka mbele kwenda nyuma, upande unaokwenda upepo. Mkono ulitetemeka vilevile, na pamba ikasugua vizuri tu. Doa likatoka. Ndani ya vifereji weusi ulibaki, mwembamba, umenyooka kama kazi zake za ujanani.

Binti aliinamia bawa kwa muda. Akakunja futi, akaitia mfukoni.

"Cherehani itakaa sebuleni."

"Ikae. Na mimi naomba chai."

Chai ililetwa ya moto, na mkwe naye akaja kuketi. Mzee alitoa mikono mapajani, akainua kikombe. Kikagonga sahani, chai ikamwagikia shati, mkwe akatazama pembeni. Mzee hakukitua. Alikunywa mpaka chini, akakisukuma mbele yao.

"Ongeza."