Msafara wa Sambusa

Mwalimu wetu wa historia huwa na sauti ya upole sana anapotoa habari mbaya. Aliniambia kwamba nisipofaulu kueleza mada yangu Jumatatu mbele ya darasa, Juni nitakuwa shuleni nikirudia historia wakati wenzangu wako likizo. Juni hiyo mimi na mama tulikuwa twende Moshi kwa bibi, ambaye mara ya mwisho kumwona nilikuwa namfikia kiunoni. Mada yenyewe: jinsi meli moja ya kivita, enzi za matanga, ilivyoweza kuushambulia msafara mzima wa adui. Mimi niliomba historia ya pitsa.

Jumapili tulipotoka kanisani nilikaa jikoni kwetu Jakobsberg, huku Uswidi, nikisoma karatasi yangu kwa sauti, Kiswidi kitupu cha kuokoteza mtandaoni. Mama alikuwa anakunja sambusa. Aliniacha nifike mwisho, kisha akaniambia nirudie kwa Kiswahili. Nikamjibu kwa Kiswidi, kama kawaida yangu, kwamba mwalimu hajui Kiswahili.

"Leo mwalimu ni mimi," alisema. "Meli moja inawezaje kuvamia meli zote hizo, na zenyewe zinaangalia tu?"

Kwa Kiswidi yale maneno yalikuwa yamevaa suti. Kwa Kiswahili yalisimama uchi. Basi nikapanga sambusa mbichi mezani, ndiyo meli za mizigo, na vikombe viwili pembeni, walinzi wao. Chupa ya chai ikawa meli yangu, na leso ya karatasi ikawa bendera ya adui, ya kuwadanganya mpaka nifike karibu. Mama aliuliza kila kitu. Kwa nini uje na upepo mgongoni? Kwa sababu mlinzi akitaka kunifuata, itabidi ahangaike kwenda kinyume cha upepo. Kwa nini usianze na ile ya mbele? Kwa sababu ya mwisho ni nzito, imeachwa nyuma, na mlinzi akirudi kuiokoa anaziacha nyingine wazi.

Hapo mama aliichukua ile sambusa ya mwisho na kuisogeza kwa wenzake. "Maskini, wamebeba mizigo ya watu," alisema, na kuanzia hapo akawa upande wa adui. Kila niliposhambulia alinichapa mkono kwa mwiko.

Kosa langu ni kumwambia nitahitaji sambusa chache za kuonyeshea darasani. Mama yangu hawezi kukubali mtoto wake asimame mbele ya watu, na watu hao wana njaa. Asubuhi nilikuta sinia zima limefunikwa kwa foili. Nilipolalamika aliniuliza walinzi watakula nini.

Darasani, kabla sijafungua mdomo, mwalimu aliuliza kwa adabu kama zile ni za kuliwa. Mtoto wa mama yangu angejibu nini? Nikasema karibuni. Msafara wangu ulitekwa wote bila hata risasi moja, na walinzi hawakuwepo, maana vikombe nilivisahau nyumbani.

Ikabaki sambusa moja. Mswidi hali kipande cha mwisho. Atakizungukia, atakisifia, atakikata nusu, halafu nusu ya nusu, lakini kukimaliza hawezi. Mwalimu, machozi ya pilipili yakimtoka, akaniuliza msafara uko wapi sasa.

"Huu hapa," nilisema. "Hii ndiyo ya nyuma kabisa. Ile nzito."

Nikaanza na hiyo, nikawauliza maswali ya mama moja baada ya jingine, na wakikosa najibu mwenyewe. Msichana mmoja akauliza kwa nini hakuna anayerudi kuiokoa. Nikasema nyie si ndio mnaiogopa. Hata mwalimu alicheka. Mwisho akaniambia nimefaulu, akataka kujua nani kanifundisha kuuliza vile. Nilimwambia ni adui.

Nyumbani mama aliuliza kwanza kama walikula. Kisha akaiona sambusa kwenye sinia, uso ukamshuka. "Hii imekosa nini?"

Nikamweleza. Anaishi nchi hii tangu sijazaliwa na kazini kwake anayaona hayo kila siku, ila kwa sambusa zake hakutegemea.

"Kwa hiyo imeokoka," alisema. Akaikata vipande viwili, akanipa kikubwa, ndipo akauliza habari ya mada yangu.

"Tunaenda kwa bibi," nikasema, mdomo umejaa, na hata Kiswidi hakikunijia.