Matauli ya begi la dada yangu yalivyonyonyoka siku ya kusingwa, na nilivyoyatuliza

Wakuu, assalamu alaykum, na wa salamu nyengine pia hamjambo.

Mimi ni msomaji wa kimya humu. Nikirudi skuli nasoma nyuzi zenu, nacheka peke yangu, nafunga simu. Sijawahi kuchangia hata neno moja. Huwa naandika mambo yangu kila siku, lakini ni ya kujiandikia, hayasomwi na mtu.

Leo nimejikaza. Haya yametokea nyumbani kwetu Vitongoji, Pemba, na nitayaeleza yalivyo, hata pale panaponitia haya. Nilichobadilisha ni majina tu.

Sababu ya kuandika ni kwamba juzi kuna mkuu aliuliza humu kwa nini matauli mapya yanatoa manyoya na kufanya vipele. (Wengine mnasema taulo. Sisi ni tauli, nivumilieni.) Akajibiwa anunue ya bei.

Ya kwetu yalikuwa ya bei.

Mods, kama hapa sipo mahala pake, upelekeni uzi panapofaa.

Ni hivi. Dada yangu Raya aliposwa na kijana wa Wambaa, tumwite Hamadi. Kwetu, kabla ya harusi, upande wa mwanamme unaleta begi. Ndani mna khanga, nguo, manukato, viatu, matauli. Kwa kawaida mama na dada za bwana harusi ndio wanaochagua. Hamadi aliwaachia kila kitu isipokuwa matauli. Hayo alikwenda Chake mwenyewe, kwa sababu siku moja kwenye simu Raya alimwambia anapenda rangi ya zambarau iliyoiva.

Siku ya begi wanawake wa mtaa walijaa ukumbini. Kila kitu kinanyanyuliwa juu, watu waone. Yaliponyanyuliwa matauli, waliokaa nyuma walisimama watazame. Mazito, laini, na rangi yake ile ya ulimi wa mtoto aliyetoka kula zambarau. Nilitamani kulaza shavu langu pale nisinyanyuke mpaka harusi ipite.

Lakini shangazi yetu, Shangazi Maua, alisema kwa sauti ya kusikika kwamba mwanamme anayechagua matauli ataanza lini kuchagua vitunguu. Watu wakacheka. Raya aliinamisha kichwa, na mimi niliyekaa karibu nikaona kuwa anatabasamu.

Sasa, vitu vya begi kwetu havitiwi maji. Vinafukizwa udi, vinawekwa asumini na rehani katikati, vinafungwa mpaka mwali, yaani bibi harusi, avitumie. Ndivyo tulivyofanya. Chumba kizima kilikuwa kinanukia kiasi kwamba nilikuwa naingia bila ya shughuli yoyote, nasimama, natoka.

Ikaja siku ya kwanza ya kusingwa.

Kwa wasiojua, singo ni karafuu, liwa (ule mti wa kunukia) na mawaridi vilivyosagwa pamoja. Mwali anasuguliwa nayo mwili mzima siku kadhaa mpaka ngozi ing'ae. Anayesugua ni somo wake, yaani kungwi. Somo wa Raya ni Bi Riziki kutoka Pujini, mama mnene mwenye sauti ya upole na mikono isiyoujua upole kabisa.

Alimsugua Raya, akamwagia maji, akafungua tauli moja kubwa la zambarau, akamfunika nalo na kumkausha vizuri kama anavyokaushwa mtoto mchanga.

Alipoliondoa, Raya alikuwa na manyoya.

Sitanii wakuu. Mabega, mgongo, shingo, mpaka nyusi. Ile singo huacha ngozi ina unyevu na mafuta kidogo, na kila kijiuzi kilichotoka kwenye tauli kilipata pa kukaa. Mwanga ulikuwa unaingia dirishani na vinyuzi vyengine vilikuwa bado vinaelea hewani, vya zambarau, polepole, havina haraka ya kutua. Mimi mwenzenu nilisimama navitazama, nikasahau kama kuna tatizo. Nilijiona kama niko ndani ya ua lililochanua.

Aliyenizindua ni Shangazi Maua. Alisema mwali wetu amekuwa kifaranga cha kunguru, na wanawake wakaanguka kwa kicheko. Raya naye alicheka. Kisha akaacha.

Maana shangazi hakuishia hapo. Alisema matauli haya yarejeshwe. Alhamisi mama yake Hamadi na dada zake walikuwa wanakuja kwetu kwa ajili ya hina, basi atawakabidhi mkononi mbele ya watu, wajue wametuletea takataka.

Kwa wasio wa huku: kurejesha kitu cha begi si jambo dogo. Ni kama kumtemea mtu mate mlangoni kwake. Watu waliwahi kuvunja harusi kwa kidogo kuliko hicho, au walioana na kuishi na donge maisha yao yote.

Wanawake walipotoka, Raya alinishika mkono, bado tunambandua vinyuzi shingoni.

"Usiyaache yakarudi," aliniambia. "Hamadi akirejeshewa hatasema kitu. Atanyamaza tu. Na mie kunyamaza kwake nakujua."

Aliniambia mimi kwa sababu mimi ndiye mfuaji wa nyumba yetu. Silazimishwi. Napenda kufua kwa sababu mtu ukiwa na mikono kwenye povu, hakuna anayekusemesha.

Tatizo lilikuwa ile desturi ya maji. Ilinibidi nikamuulize Bi Riziki. Na mimi, wakuu, kumuuliza mtu mzima swali ni mtihani. Nilipita mbele yake nikijifanya natafuta kandambili, nikarudi, nikapita tena. Mwishowe yeye ndiye aliyeniuliza kama kandambili ninazotafuta si hizo nilizovaa.

Nikamwambia. Sijui nilisema nini hasa, lakini alielewa.

"Hayo mazoea tu, mwanangu, si sharia," alisema. "Udi ukitoka, udi tunao. Ngozi ya mwali nnayo moja."

Basi ruhusa nikaipata. Nikadhani kazi imekwisha.

Jumatatu, nilipokuwa skuli, mama naye akaona anisaidie. Nampenda sana mama yangu, asije akasoma hapa. Maji kwetu yanakuja kwa zamu, kwa hiyo yeye hafui kitu kimoja peke yake. Alitia matauli kwenye beseni pamoja na baibui la Raya lenye shanga, akamimina sabuni ya unga bila kuhurumia, akamalizia na ile dawa ya kulainishia nguo ili yanukie. Akayasugua kwa brashi.

Halafu ikaja fikra ambayo nadhani haiwezi kumjia mtu mwengine yeyote ila Mpemba. Ulikuwa msimu, karafuu zimeanikwa uwanjani kwenye majamvi. Mama akayatandaza matauli mabichi pale pale juu ya karafuu, ili yakauke na harufu. Mtu wa huku akitaka kitu kinukie, mawazo yake yanakwenda jamvini kabla ya dukani.

Niliporudi nikayakuta. Yananukia wakuu, naapa, mtu angeweza kuyala. Lakini karafuu hazikuwa zimechambuliwa zote. Makonyo, yaani vile vijiti vyake, yalikuwa yameshika nyuzi kama ndoana. Pale shanga zilipopita pia palikuwa na nyuzi zilizovutwa. Na brashi ilikuwa imekusanya manyoya yakawa vipele vidogo vidogo, kama ngozi ya mtu aliyehisi baridi.

Nikajipaka liwa mkononi, nikajifuta. Mkono ukawa na manyoya.

Shangazi alipita, akatazama mkono wangu, akaguna tu. Lile guno nilikwenda nalo kulala.

Kesho yake ilikuwa Jumanne na hatukuwa na masomo. Niliyachukua matauli yote nyuma ya nyumba, na chupa ya siki, na mkasi. Nilikuwa nimeshapekua kwenye simu na kusoma mengi, mengine yanapingana, kwa hiyo naeleza nilichofanya na kikanifaa. Sisemi ndiyo dawa ya dunia nzima.

Kwanza nilikaa kibarazani na kila tauli, nayang'oa makonyo. Uzi uliovutwa sikuuvuta. Ukiuvuta unafumua mstari mzima. Nilikata kwa mkasi usawa wa wenzake. Vipele nilivikata kwa wembe, tauli nimelinyoosha juu ya meza, nakwenda kijuujuu tu, bila kukandamiza.

Kisha maji baridi, tauli moja peke yake, siki robo kikombe hivi, bila sabuni kabisa. (Siki msiichanganye na dawa ya kung'arishia nguo, inatoa hewa mbaya.) Nikaliacha lilale humo. Sikusugua. Nililigeuza na kulikamua kwa kulibonyeza.

Hapo ndipo manyoya yalipoanza kutoka yenyewe. Yalikuwa yanapanda juu ya maji, yanakusanyika, yanaachana, kama mawingu ukiyatazama umelala chali. Nikimwaga maji yanakwenda, nikitia mengine yanarudi machache. Nilikaa pale sijui muda gani. Nikawa namfikiria Raya akiwa Wambaa, anafungua mlango wa nyumba nisiyoijua, anatundika tauli hili kwenye kamba nisiyoijua. Kila beseni nililomwaga lilikuwa na zambarau kidogo kuliko lililopita, nikawa nataka na sitaka limalizike.

(Samahani, nimekwenda mbali. Narudi.)

Baada ya siki nikafua mara moja na sabuni kiasi cha kijiko. Ile dawa ya kulainisha sikuitia tena. Ndiyo iliyoyafanya yawe na utelezi na yasinywe maji. Nikasuuza mpaka maji yakatoka meupe.

Halafu kukung'uta. Hili watu wanalidharau. Nilisimama pale upepo unapopita, nikalishika pembe mbili, nikalikung'uta kwa nguvu zangu zote. Vinyuzi vikaruka kuelekea kwenye mihogo ya jirani. Mama alitoka akauliza nani amechinja kuku.

Nikaanika kwenye kamba, kivulini penye upepo, mbali na majamvi. Yalipokauka nikakung'uta tena. Jumatano nikayarudia yote tangu siki, kwa sababu Raya alipojifuta mkono palikuwa bado na chache.

Jioni Bi Riziki akayafukiza upya kwenye chetezo. Akanipa pembe moja ya tauli nishike.

Alhamisi wakaja.

Mama yake Hamadi ni mwembamba, mrefu, na uso wake haujui kueleza chochote. Walikaa ukumbini, wakakaribishwa, wakanywa. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la mlango, mahala pangu pa siku zote. Raya akatolewa, ana liwa mikononi na miguuni, ya kuoshwa kabla ya hina.

Shangazi Maua akanyanyuka. Alisema kwa adabu yote kwamba angependa wageni waone lile tauli lililoletwa linavyofanya kazi. Akalichukua, akamfuta Raya mkono wote, kutoka begani mpaka vidoleni. Alikandamiza. Nilimwona anavyokandamiza.

Akaliondoa.

Mkono wa Raya ulikuwa mkono tu. Unang'aa, hauna kitu.

Shangazi aligeuza tauli huku na huku, akasema, bila kufikiri nadhani, kwamba ni kwa sababu limefuliwa.

Sasa lilikuwa jambo jengine. Kitu cha begi kimetiwa maji kabla ya harusi, na wenyewe wa begi wamekaa pale. Mama yake Hamadi akauliza nani amelifua. Mimi pazia nililishika lisitikisike.

Nilitoka. Sijui ni miguu gani iliyonitoa. Nikasema, "Ni mie, mama. Yalikuwa yananyonyoka." Ndiyo maneno yote niliyoyapata.

Mama yake Hamadi akaweka kikombe chini.

"Mie ntoto wa watu nilipelekwa kwa baba yake Hamadi na tauli halijaona maji," alisema. "Nna manyoya meupe mgongo mzima, sijui. Hajaniambia mpaka leo. Lakini nilimsikia anavyojizuia kucheka."

Kwanza dada zake Hamadi ndio walioanza kucheka, kwa kuona haya. Kisha Bi Riziki, kisha wote. Shangazi Maua alicheka wa mwisho, lakini alicheka, na tauli alilikunja mwenyewe.

Nikarudi nyuma ya pazia nikalia, sijui kwa nini.

Harusi ilikuwa Ijumaa. Raya alikwenda Wambaa anang'aa. Chumba chetu sasa ni changu peke yangu na kinanukia kidogo kidogo kila siku.

Wiki hii alinipigia simu. Aliniuliza matauli yanafuliwaje.

Alishaniona nikifua, wakuu. Alikuwa dirishani muda wote ule, nilimwona. Lakini aliuliza, kisha akangoja. Basi nikamweleza tangu mwanzo. Moja moja, peke yake, mbali na shanga na kulabu. Maji baridi. Siki kwanza, sabuni kidogo baadaye. Usisugue, ligeuze. Kung'uta kabla na baada ya kuanika. Nikafika mwisho.

Akasema, "Hapo pa siki sijapasikia vizuri."

Nikaanza tena.

Nililojifunza mimi ni hili: tauli jipya halina kosa, lina nyuzi za ziada tu kutoka kiwandani, na zinataka kutolewa kwa upole kabla halijamgusa mtu. Bei haiziondoi. Haraka ndiyo inayoleta vipele.

Mwenye njia yake nyengine, au aliyewahi kutoka bafuni na manyoya mbele ya watu, aeleze hapo chini. Nitasoma zote. Kujibu sitoahidi, lakini nikiweza nitajibu.