Mkwe Wangu na Picha ya Nyongo

Anayetaka kucheka acheke. Kwetu Wakurya, mama mkwe hafunui tumbo mbele ya mkwe wake, hata akiwa mgonjwa, na mimi sijutii nilichofanya.

Jioni ya kuamkia siku ya kupigwa picha nilimeza vidonge vya kufanya mfuko wa nyongo uonekane kwenye eksirei, na sikula kitu tena. Asubuhi nikatoka kijijini kwetu Kemambo na njaa yangu hadi hospitali mjini Tarime. Nilipoingia chumba cha eksirei nikamwona mpiga picha: Chacha, mume wa binti yangu Boke. Nilijua anafanya kazi Mugumu, kumbe ameshahamishwa.

Kurudi nyumbani kulimaanisha kumeza vidonge upya na kulala njaa tena. Sikurudi. Nilijifunika kitenge kichwa kizima, nikapanda kitandani, na kila alichouliza nikajibu kwa sauti ya kukwaruza kama bibi kizee asiyemjua mtu.

Akaniambia nivute pumzi niibane. Mashine ikalia. Baadaye akasema picha imetoka mbavu tupu, turudie. Moyoni nikamtukana: binti yangu ameolewa na mtu asiyejua kazi.

Nikafunua kitenge kidogo nimchungulie anakosea wapi. Chacha alikuwa amesimama ananipa mgongo, uso ukutani, na mkononi ameshika cheti changu chenye jina langu lote.

"Shikamoo mama," akauambia ukuta. "Boke anakusalimia. Naomba usogee kushoto kidogo."