Kiti cha Taiwo

Tangu simu zianze kupiga picha, jirani yangu Rafiu Oyetunji, mpiga picha, alikuwa amebaki na kazi ya pasipoti. Mtu anaingia, anaambiwa nyoosha shingo, anatoka. Cherehani yangu iko mlango wa pili hapa mjini Iwo, kwa hiyo nilikuwa namwona kutwa. Kulalamika hakulalamika. Ila zamani, picha ikitoka vizuri, alikuwa akiimba huku akifagia kibaraza, na kwa miaka kumi na miwili nilimwona akifagia kimya.

Jumatatu moja akaja Mama Mapacha. Jina hilo hatukuacha kumwita, ingawa Taiwo, wa kiume, tulimzika akiwa na miaka sita. Aliyebaki ni Kehinde, na Jumamosi ya wiki ile alikuwa anaolewa Ogbomosho. Kwenye ukoo wao pacha haendi kwa mumewe peke yake. Wazee walikuwa wakichonga kisanamu cha yule aliyekufa, kikabebwa pamoja na bibi harusi. Sisi wa msikitini tuliacha visanamu, tukashika picha: wawili wameketi pamoja, ndani ya fremu moja.

Mama Mapacha akatoa picha mkobani. Fundi wa kompyuta sokoni alikuwa amechukua uso wa Kehinde, akaurudia, akauvisha kofia ya kiume. Ilikuwa inang'aa kama sahani mpya.

"Mbona nzuri?" Rafiu akauliza.

"Nzuri. Mwenyewe ndiye haitaki. Anasema asipopata picha ya kweli hatoki nyumbani."

Kehinde alikuwa amesimama mlangoni, amekunja mikono. Akamwambia Rafiu, "Baba, huyo ni mimi nimekatwa nikabandikwa. Taiwo hakuketi hapo. Hakuna mtu aliyeketi hapo."

Rafiu akaitazama ile picha muda mrefu, mpaka nikaacha kushona.

"Ulimpiga picha dada yangu na pacha wake aliyekufa," Mama Mapacha akasema. "Kwa ile kamera ya kuinamia. Aliketi mara mbili, kwanza kama marehemu, kisha kama yeye mwenyewe, na picha ikatoka moja."

"Hiyo ni ya filamu, mama. Niliacha. Na filamu yenyewe nitaitoa wapi kabla ya Jumamosi?"

Mkewe, Mama Muibat, alikuwa anachambua maharage kibarazani. Hakuinua kichwa. "Ipo kwenye jokofu langu. Miaka yote hii nasogeza samaki kwa ajili yake. Nilidhani ni dawa yako ya tumbo."

"Tumbo gani la miaka kumi na miwili?"

"Nitajuaje, kwani wewe huniambia kitu?"

Ilikuwa filamu moja, ya picha kumi na mbili, na muda wake ulikuwa umepita zamani. Rafiu akaishika kwa vidole viwili kama yai. "Tutapiga zote. Moja haitakosa kutoka."

"Moja tu, Baba," Kehinde akasema. "Nitakuwa Taiwo mara moja. Mara ya pili nitakuwa naigiza."

Mama yake akaniangalia mimi, mimi nikamwangalia Rafiu. Picha hiyo moja ikiharibika, Jumamosi watu watakuja na ngoma zao kumchukua mtu asiyetoka chumbani. Rafiu akasema tu, "Basi moja."

Mimi nikapewa kazi ya agbada, lile joho pana la wanaume. "Nimpime nani?" nikauliza.

"Mpime Kehinde," Mama Mapacha akasema, "halafu ongeza mabegani. Baba yake alikuwa na mabega."

Nimeshona miaka thelathini. Sijawahi kushona nguo nikiwa na udhu, isipokuwa ile.

Jumatano, baada ya sala ya adhuhuri, Rafiu alitundika pazia jeusi na kuweka viti viwili. Mama Mapacha tukamwomba asubiri nje. Taiwo ndiye aliyetangulia kuzaliwa, kwa hiyo atangulie kuketi. Kehinde alipotoka nyuma ya pazia na lile joho na kofia imeinamia sikio, nilisimama kumpisha. Alikuwa anatembea kama marehemu baba yake, kisigino kwanza. Sijui alijifunzia wapi. Baba yake alikufa yeye akitambaa.

Akaketi kiti cha kushoto. Rafiu akafunika nusu ya kioo cha kamera kwa kadibodi nyeusi, ili kile kiti cha pili kisiingie, akainama. Hakuna kitu cha kutazama ukajua imetoka au haikutoka. Hilo nilikuwa nimelisahau. Mnaleta uso, mnaleta mwanga, halafu mnamwachia Mungu.

"Mkono gotini. Usipumue."

Kamera ikalia, tk. Na wakati ule ule mkono wa Kehinde ukatoka gotini, ukaelekea kiti kitupu.

"Nimesema gotini," Rafiu akasema. Jasho lilikuwa linamtiririka.

"Sikuupeleka mimi, Baba."

Kehinde akainuka. Akaenda kuvaa nguo zake za bibi harusi. Rafiu akafuta uso, na mkono wake, kwa mazoea ya maisha yake yote, ukaenda kwenye kile kifundo cha kuzungushia filamu. Ukipiga unazungusha, ndivyo vidole vyake vilivyofunzwa. Lakini picha ya pacha hazungushi mtu. Ukizungusha, umewatenganisha, kila mmoja na karatasi yake.

"Baba Muibat," nikasema. "Mkono."

Akauondoa kama aliyegusa sufuria ya moto. Akauweka mfukoni, na hakuutoa mpaka Kehinde alipoketi kiti cha kulia. Ndipo akahamishia kadibodi nusu ya pili ya kioo, na kamera ikalia tena.

Dawa ya kusafishia filamu aliipata Ibadan, kwa rafiki yake anayepiga eksirei. Chumba cha giza kilikuwa siku hizi stoo ya vitunguu. Mkewe akavihamisha huku akinung'unika. Humo Rafiu akakata kipande chenye ile picha moja tu, filamu iliyobaki akairudisha kwenye kamera. Saa ya kupimia iliharibika zamani, kwa hiyo Rafiu alipima kwa tasbihi, punje moja kwa pumzi moja, gizani, na sisi nje tukisikia punje zikigongana.

Asubuhi ya Alhamisi, kile kipande kikiwa kimekauka, akamwita Mama Mapacha na Kehinde ndani, nami nikajipenyeza. Taa nyekundu, harufu ya siki na vitunguu. Karatasi nyeupe ikalala kwenye beseni la dawa. Haikuwa na kitu.

Halafu nguo zikaanza kuja, zile nyeusi kwanza. Kisha nyusi. Kisha macho manne, taratibu, kama watu wanaokaribia kutoka mbali. Midomo yangu ikaanza tasbihi yenyewe. Mungu ameumba mwanga, na mwanga una kumbukumbu.

Mama Mapacha hakulia. Aliinama juu ya beseni. Mwanawe alimwacha na miaka sita. Huyu alikuwa na ishirini na minne.

"Amekuwa mrefu," akasema. Kisha, "Hana ndevu bado."

"Kwa mjomba wetu pia zilichelewa," Kehinde akamwambia.

Na katikati, pale kadibodi ilipoishia, mkono wa Taiwo ulivuka. Ulikuwa umefifia kama moshi, unaona pazia kupitia vidole, lakini ulifika. Ulikuwa juu ya mkono wa dada yake. Rafiu aliutazama, akavua miwani, akaivaa tena.

"Hii sikuipiga mimi," akasema polepole.

Tulipotoka alichukua ufagio. Alifagia kibaraza chote akiimba, hata upande wangu.

Jumamosi Kehinde alitoka bila kuvutwa, picha imefungwa kitambaa cheupe kifuani. Ogbomosho, mlangoni kwa mumewe, mama mkwe alimwosha miguu kwa maji ya kibuyu, kama ilivyo desturi. Akamaliza. Akafunua kitambaa, akaitazama ile picha, akauliza, "Huyu ndiye Taiwo?"

"Ndiye, mama."

Mama mkwe akainama tena. Akamimina maji kidogo pembeni, mahali pasipokuwa na miguu ya mtu.

Rafiu alikuwa nyuma yangu na kamera ya kuinamia. Nilisikia tk. Ilikuwa picha namba mbili ya filamu ile. Safari hii alizungusha.